Masikio yangu yameota sugu, ya kijana wangu bado laini: nani akae karibu na mashine?

Swali: "Jambo munganga. Mimi ni papa wa miaka 58, ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Nina moulin ya kusaga mahindi tangu miaka 26, na kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Tangu mwaka jana kijana wangu wa miaka 23 anafanya kazi pamoja nami. Mama wa nyumbani anasema nimekuwa kiziwi. Mimi ninasikia vizuri, ni watu wa siku hizi ndio wanamung'unya maneno. Nimeamua kijana asikae karibu na mashine. Akae mlangoni, apime mahindi na kupokea pesa, kwa sababu masikio yake bado ni laini. Yangu yameota sugu, kelele haziyasumbui tena. Lakini mdogo wangu anasema ni kinyume: mzee ndiye anaharibika upesi, kijana mwili wake unajirudisha. Nani ana haki? Na hii hali yangu, ni mashine au ni uzee?"

Jibu:

Papa, asante kwa barua. Nitaanza na neno moja ulilotumia, maana shida yote imejificha humo: sugu.

Kiganja cha mtu wa jembe huota sugu kwa sababu ngozi imeumbwa kwa kazi hiyo. Seli za juu zinakufa, za chini zinapanda, na pale palipochubuka pananenepa. Sikio la ndani halina desturi hiyo. Nyuma ya ngoma ya sikio, ndani kabisa ya mfupa wa kichwa, kuna mfereji mdogo uliojikunja kama nyumba ya konokono. Umejaa maji, na humo zimepangwa seli zenye vinywele ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Katika kila sikio, seli za safu ya ndani ni kama 3,500 na za safu za nje ni kama 12,000. Ndizo ulizozaliwa nazo, na zikifa hakuna nyingine zinazokuja. Kuku wako nyumbani akiharibiwa seli hizo, anaota mpya baada ya wiki chache. Ndege wamejaliwa hivyo, sisi hatukujaliwa.

Kwa hiyo unaposema kelele hazikusumbui tena, mimi ninasikia mambo mawili tofauti. La kwanza ni ubongo kuzoea. Mtu aliyejenga kando ya reli hulala treni ikipita, wakati mgeni wake anaruka kitandani. Hilo ni la kweli, lakini ni la ubongo. Seli za sikio hazizoei chochote, zinapigwa leo kama zilivyopigwa mwaka wa kwanza. La pili ni kwamba zile seli ambazo zingekusumbua huenda hazipo tena. Kwa umri wako na kwa miaka yako pembeni ya ile mashine, ninadhani yote mawili yapo.

Sasa, wewe na mdogo wako. Kila mmoja ameshika nusu ya jambo, na kila mmoja ameishika kwa upande usio wake.

Hasara inayoletwa na kelele haiendi kwa mwendo mmoja. Huwa kali katika miaka 10 ya kwanza hivi, hasa kwenye sauti nyembamba za karibu na 4,000 Hz (Hz ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), kisha inapungua kasi. Fikiria mwizi aliyegundua ghala la mahindi. Miaka ya mwanzo anatoka na magunia. Mwaka wa 20 anazunguka humo usiku kucha na kutoka na meka moja, kile chombo cha kupimia, si kwa sababu ghala limetiwa mlango wa chuma, ila kwa sababu kilichokuwa rahisi kubebwa kimekwisha kubebwa. Nadhani hapo ndipo yalipotokea maneno ya sugu: watu waliona kwamba mzee wa karakana, kelele zilezile hazimwongezei ukiziwi upesi kama zamani, wakasema amekomaa.

Kijana wako yuko mwaka wa kwanza au wa pili. Yuko katika ile miaka ambayo ghala linatoka magunia. Ulifanya vizuri kumweka mlangoni, ingawa sababu uliyotoa siyo.

Na kuhusu mwili wa kijana kujirudisha, hapa mdogo wako anasema jambo ambalo hata sisi waganga wa hospitali tuliliamini muda mrefu. Kijana akitoka penye kelele masikio yameziba kana kwamba yametiwa pamba, akilala usiku, kesho au kesho kutwa yamefunguka. Ukimpima, kipimo ni safi. Tukawa tunaandika: amepona.

Mwaka 2006, watafiti wawili wa Boston, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walichukua panya wa umri mbalimbali wakawapigia kelele ileile, kwa muda uleule wa saa mbili. Walioumia sana ni wale wachanga. Panya waliokomaa walipita karibu bila alama. Kisha wakawaacha wale wachanga wazeeke mahali pa kimya. Masikio yao yakazeeka vibaya kuliko ya wenzao ambao hawakuwahi kupigiwa kelele, na neva zao za kusikia zikazidi kukonda mwaka wote, ingawa kelele ilikuwa imekwisha zamani. Mwaka 2009 wakaonyesha jambo la kutisha zaidi: panya ambaye kipimo chake kimerudi sawa kabisa anaweza kuwa amepoteza karibu nusu ya viungio kati ya seli na neva katika sehemu ya sauti nyembamba. Seli ipo, neva ipo, lakini waya umekatika. Kipimo cha kawaida hakioni, kwa sababu kusikia mlio mdogo ndani ya chumba kimya kunahitaji nyaya chache tu. Kusikia mtu akisema nawe sokoni kunahitaji nyingi.

Panya si mtu, na kwa binadamu wataalamu bado wanabishana ukubwa wa jambo hili. Lakini hata kwa watu kuna dalili. Katika mji wa Framingham, huko Marekani, wakazi wamekuwa wakifuatiliwa afya zao tangu 1948. Mwaka 2000 George Gates na wenzake walitoa matokeo ya wanaume wazee waliopimwa masikio mara mbili, kwa umbali wa miaka 15. Wale waliokuwa na alama ya kelele, yaani kusikia kulikopungua karibu na 4,000 Hz, katika kipimo cha kwanza walipoteza zaidi, baadaye, katika sauti za jirani, karibu na 2,000 Hz, kuliko wenzao wasio na alama. Yaani sikio lililopigwa na kelele ujanani halizeeki kama lile lililotunzwa.

Basi je, sikio la mzee ni gumu kuliko la kijana? Papa, nakuomba usikimbilie huko pia.

Kuna kanuni ya kimataifa, ISO 1999 (1999 ni namba yake, si mwaka), inayotumika kukadiria hasara ya uzee na ya kelele kwa pamoja. Haisemi kwamba uzee unazidisha kelele. Inajumlisha, halafu inatoa kidogo. Tuseme uzee umechukua desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) na mashine imechukua 30. Unajumlisha unapata 50, unazidisha 20 kwa 30, unagawa kwa 120, unapata 5, unaitoa. Hasara yote ni desibeli 45. Hiyo ni hesabu ya kundi la watu, si ya mtu mmoja. Lakini inaonyesha kwamba mwili wa miaka 58, kwa kipimo cha kusikia, haupigwi vibaya mno kuliko wa miaka 23.

Tofauti iko kwenye akiba. Kijana akipoteza desibeli 10, hajui kama kitu kimetoka. Anasikia simu, anasikia rafiki, anasikia mashine ikibadilisha sauti. Wewe, ukiwa tayari umepoteza 35, zile 10 za ziada ndizo zinakutoa katika mazungumzo. Meka moja kutoka ghala lililojaa na meka moja kutoka sakafuni ni meka ileile, lakini nyumba haili sawa jioni hiyo.

Tena uzee una yake, hata bila moulin. Kuna ukanda wa mishipa midogo ubavuni mwa ule mfereji, unaofanya kazi kama betri: unaweka umeme wa milivolti 80 hivi katika maji ya ndani, na seli zinautumia. Miaka ikienda, ukanda huo unakonda. Kwa muda mrefu, kufuatia kazi ya Harold Schuknecht, daktari wa masikio wa Marekani, tulifundishwa kwamba betri hii ndiyo chanzo kikubwa cha ukiziwi wa wazee wengi. Mwaka 2020 kundi la Liberman lilichunguza kwa darubini masikio 120 yaliyohifadhiwa kutoka kwa watu waliokufa, likaona kwamba kilichoeleza vizuri zaidi vipimo vyao vya kusikia ni seli zilizokufa, si betri. Na watu hao walikuwa wamepoteza seli nyingi kuliko wanyama wa maabara waliozeeka mahali patulivu. Kwangu mimi, sehemu ya kile tunachokiita uzee ni kelele zilizojikusanya tu, na ninalisema hilo kwa sababu mtu akiambiwa "ni uzee" anakunja mikono, lakini akiambiwa "ni kelele" anaweza kufanya kitu kesho asubuhi.

Liko jambo la zamani la upande huu wa Afrika linaloendana na hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari wa masikio Samuel Rosen alikwenda kusini-mashariki mwa Sudan ya wakati ule, kwa Wamabaan, watu walioishi bila mashine, bila bunduki, hata ngoma za kupiga hawakuwa nazo. Akawapima wazee wao. Walisikia vizuri kuliko wazee wa miji ya Marekani kwa mbali. Wengine walipinga wakasema huenda ni chakula chao, au ukoo wao, au kwamba miaka ya wazee ilikadiriwa tu. Pingamizi hizo ni za haki. Lakini hakuna aliyesema kwamba ukimya uliwadhuru.

Turudi kwako na watu wanaomung'unya.

Watu hawamung'unyi, Papa. Irabu za Kiswahili, a, e, i, o, u, nguvu zake nyingi ziko kwenye sauti nene, na wewe unazipata bado. Konsonanti kama s, f, t, k, p, sh na ch ni pumzi nyembamba na hafifu, nazo ziko palepale ambapo mashine imekula. Sema taratibu: paka, taka, kaka, saka. Ukiondoa ile herufi ya kwanza, yote manne ni neno moja. Ndiyo maana unasikia kwamba mtu amesema, lakini hujui amesema nini, halafu ubongo unabahatisha. Sauti ya mama na ya wajukuu ni nyembamba kuliko ya wanaume wenzako, kwa hiyo si kwamba mkeo anasema ovyo, wala si kwamba unamdharau, kama labda yeye anavyofikiri. Na yeye akikasirika akapiga kelele, wewe unasema "usinipigie kelele, mimi si kiziwi!" Hilo nalo lina sababu: sikio lililopoteza seli za nje linakosa sauti ndogo, lakini sauti kubwa inaliumiza kama zamani au kuzidi. Nafasi kati ya "sisikii" na "inaniumiza" imekuwa nyembamba. Amwambie kijana wenu pia: kusema mbele ya uso wako, taratibu, redio ikiwa imezimwa, kunasaidia kuliko kupaza sauti.

Baba yangu mwenyewe alifanya kazi miaka 31 akipiga chuma katika karakana. Kila alipoongeza redio alisema betri zimechoka. Tulimnunulia betri nyingi sana kabla sijaenda kusoma udaktari.

Mashine au uzee? Yote mawili, bila shaka, lakini kiasi cha kila moja kinaweza kukadiriwa kwa odiogramu, kile kipimo ambacho unakaa kwenye chumba kimya na kuonyesha kidole kila ukisikia mlio. Kelele huchimba bonde: mstari unashuka karibu na 4,000 Hz, mahali fulani kati ya 3,000 na 6,000, kisha unapanda tena ukifika 8,000. Uzee hauchimbi bonde, unateremka kama mlima wa takataka za madini kule kwenye bomba refu la mjini: mwanzo pole, mwisho kwa kasi, na 8,000 ndiyo chini kabisa. Ubaya ni kwamba miaka ikizidi, uzee unashusha ile 8,000 mpaka ukingo wa bonde unapotea, na hapo hakuna daktari anayeweza kusoma vizuri nani alikula nini. Kwa miaka 58 bado tunaweza kuona kitu. Ukingoja 70, tutabahatisha.

Ila kabla ya yote hayo, daktari wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo, akuangalie tundu la sikio kwa taa. Nta ya wazee hukauka na kuziba, na vumbi la unga halisaidii. Nimewahi kuona mtu aliyejiandaa kununua kifaa cha kusikia akatoka bila kununua kitu, baada ya kuoshwa masikio tu. Usijichokoe kwa kijiti wala ufunguo wa pikipiki. Na kama ni sikio moja tu lililopungua, au lilipungua kwa ghafla ndani ya siku mbili tatu, au linatoka usaha, au una kizunguzungu, hiyo si moulin. Usingoje miadi, nenda upesi.

Sasa mashine yenyewe. Moulin za nyundo kama zetu, na injini pembeni, mara nyingi hupita desibeli 90. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 robo saa. Desibeli 3 ni kitu ambacho sikio halikitambui sana, lakini nguvu yake ni maradufu. Na hata 85 si ruhusa ya kulala: taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilikadiria mwaka 1998 kwamba watu 8 kati ya 100 wanaofanya kazi miaka 40 katika kiwango hicho wataharibika masikio kwa sababu yake. Huna kipimo? Simama umbali wa mkono mmoja na kijana wako. Kama lazima mpaze sauti ndipo msikilizane, mmepita.

Mlango uliompa unasaidia kiasi gani? Uwanjani, ukizidisha umbali maradufu kelele hupungua kama desibeli 6. Ndani ya chumba cha matofali chenye mabati juu, sauti inagonga ukuta, inagonga bati, inarudi. Hatua tatu kuelekea mlangoni hazinunui kitu kikubwa. Mtoe nje kabisa, chini ya kivuli, mizani na meza viwe pembeni ya ukuta, si mbele ya mlango ulio wazi. Hiyo ni bure.

Halafu mashine. Nyundo zilizolika upande mmoja hutikisa mhimili, beringi zilizochoka hulia, boliti zilizolegea hufanya bati zima kuwa ngoma. Kaza, badilisha, weka vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu ya mashine. Na jenereta, ile mnayoiwasha wakati wa délestage, umeme ukikatwa kwa zamu, isikae chumba kimoja nanyi: kwa ajili ya masikio, na zaidi kwa ajili ya moshi wake, ambao unaua kabla sikio halijapata muda wa kulalamika. Moshi huo una monoksaidi ya kaboni, na kwa wanyama imeonekana kwamba gesi hiyo ikikutana na kelele, sikio linaumia zaidi. Bomba la moshi liwe na kizuia sauti kizima, nalo lielekee mbali na jirani pia.

Vizibo vya masikio. Pamba ya kawaida haifai, inaondoa desibeli chache tu na kukupa moyo wa bure. Vizibo vya sponji vinafaa, lakini vingi havifanyi kazi kwa sababu vinachomekwa kama kofia. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama sigara, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kichomeke ndani, kishikilie mpaka kijae. Ukikiona chote kwenye kioo, hakijaingia. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti ni ya maabara. Kazini mara nyingi watu wanapata nusu yake au pungufu. Na usivitoe "kidogo tu" kuongea na mteja. Ukivaa kizibo kizuri sana lakini ukakitoa dakika 48 katika saa nane, yaani sehemu moja ya kumi ya siku, ulinzi wako wa siku nzima hauwezi kupita desibeli 10, hata kama pakiti imeandikwa 33.

Hapa kwako wewe, tofauti na kijana, nina onyo ambalo wauzaji hawalisemi. Usinunue kizibo chenye namba kubwa kuliko vyote. Juu ya hasara uliyo nayo, kitakufungia kabisa: hutasikia mkanda ukiteleza, hutasikia jiwe limeingia na mahindi, hutasikia mtu akikuita kwamba nguo yako inakaribia mkanda. Mzee aliyejiziba mno kando ya mashine inayozunguka yuko katika hatari nyingine. Chukua chenye ulinzi wa wastani, au kaske ya masikio inayovaliwa na kuvuliwa kwa urahisi ukiwa umetoka nje. Na kazi ya kumwaga mahindi mgawane, saa kwa saa, badala ya wewe kujitoa sadaka siku nzima kwa sababu ya sugu ambayo haipo.

Kuhusu dawa, hili linawahusu wazee kuliko vijana, kwa sababu mzee huugua mara nyingi na figo zake hutoa dawa polepole. Kwinini inaweza kuleta mlio masikioni na kupunguza kusikia, kwa kawaida kwa muda tu. Gentamisini na streptomisini zinaweza kuua seli zilezile zinazouawa na kelele, na hizo hazirudi. Zikikutana na kelele kubwa, zinasaidiana. Sikwambii ukatae dawa ukiwa mgonjwa, malaria na kifua kikuu havingoji. Nakwambia umwarifu anayekuandikia kwamba unafanya kazi kwenye kelele na masikio yamepungua, na wiki hizo kijana asimamie mashine akiwa amevaa kaske yake. Usinunue sindano ya gentamisini kwa kijana wa duka la dawa. Sukari, shinikizo la damu na sigara navyo vimeonekana kwenda pamoja na masikio mabovu, kwa hiyo vipimwe siku hiyohiyo.

Kijana naye ana lake. Akitoka kwenye moulin jioni akatia spika za simu masikioni mpaka usiku, sikio halijui kwamba hii ni kazi na hii ni starehe, linajumlisha tu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwa muziki wa masikioni desibeli 80 kwa saa 40 za wiki nzima, na hiyo ni kwa mtu ambaye hakutumia fungu lake mchana.

Mlichopoteza hatuwezi kukirudisha. Hakuna sindano wala mzizi unaootesha seli hizo, na anayekuuzia mafuta ya kutia sikioni kwa ajili hiyo anakula pesa yako. Lakini kifaa cha kusikia kikipimwa vizuri kitakurudishia sehemu ya zile s na t, na kinavaliwa nyumbani na kanisani, si kwenye mashine, maana kazi yake ni kuongeza sauti.

Njooni wawili, wewe na kijana. Wewe ili tujue bonde lina kina gani, yeye ili tuwe na karatasi ya kulinganisha miaka ijayo. Kipimo kinataka masikio yaliyopumzika angalau saa 14, la sivyo tutapima uchovu wa jana. Basi iwe Jumatatu asubuhi, kabla hamjawasha mashine. Na Jumapili, tafadhali, msikae karibu na spika za kwaya. Tafuteni benchi la nyuma kabisa.